Niligombea uenyekiti wa mtaa 2024 nikakosa kwa kura 19: kura zangu zilibaki nje ya daftari

FundiMshono (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, kila nikitaka kuliandika nasita. Juzi kaja kijana mmoja wa hapa mtaani, dereva wa bajaji, kasimama mlangoni kwenye kibanda changu: "Mama, 2029 nataka kugombea uenyekiti wa mtaa. Nianzie wapi?" Nilianza kumjibu huku nashona, baadaye nikaacha cherehani kabisa, tukaongea mpaka giza likaingia. Alivyoondoka nikaona niyaweke na hapa, maana wa kuuliza hivyo hawezi kuwa yeye peke yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, fundi cherehani, Morogoro mjini. Mtaa sitautaja, chama sitakitaja. Niliogombana nao ni majirani zangu na bado tunazikana.

Kilichoniingiza ni barua. Binti yangu alihitaji barua ya utambulisho, nikaenda ofisi ya mtaa, nikaambiwa elfu tano. Nikaomba risiti. Yule aliyekuwa mezani akanitazama kama nimemtukana. Nililipa, nikaondoka na barua, lakini njia nzima nafikiria wale wamama wa kikundi chetu wanaouza maandazi, wakidaiwa hiyo elfu tano wanaitoa wapi? Na kikundi kikitaka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), lazima kipite pale pale mtaani kwanza. Nikasema nitagombea.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Uchaguzi ulikuwa 27 Novemba 2024. Kuchukua na kurudisha fomu, 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Kampeni siku 7 tu, 20 hadi 26 Novemba. Mgombea mpya akiiona ratiba hiyo macho yote yanakwenda kwenye kampeni. Na mimi yalikwenda huko. Niliwaza spika, picha za kubandika, nitasema nini, nitavaa nini.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na siku 10 za kujiandikisha, 11 hadi 20 Oktoba. Siku hizo mimi nilikuwa kwenye vikao vya ndani ya chama, nahangaika kupata kura za maoni. Nilijiandikisha mwenyewe siku ya tatu, foleni haikuwepo, nikarudi vikaoni.

Mwaka ule kulikuwa na uandikishaji wa aina mbili, na watu wakauchanganya. Tume ilikuwa inazunguka mikoani kuboresha Daftari la Kudumu, lile la kadi ya mpiga kura, kwa ajili ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa mitaa ulikuwa chini ya TAMISEMI na ulikuwa na orodha yake, inayoandikwa upya mtaa kwa mtaa. Ukiwa na kadi ya kupigia kura Rais lakini jina lako halimo kwenye orodha ya mtaa, hupigi kura ya mwenyekiti. Hata Rais alijiandikisha kule Chamwino siku ya kwanza, picha tuliziona wote. Wengi wakadhani ni habari ya viongozi tu.

Orodha ilipobandikwa kwa ukaguzi nilikwenda nayo jina kwa jina, kidole ukutani. Mvua ya jana yake ilikuwa imeingia pembeni, karatasi mbili za chini zimejikunja na wino umevuja. Nilikuwa na daftari letu la kufa na kuzikana mkononi, wamama 64. Niliokuta majina yao ukutani walikuwa 27. Nikarudia tangu mwanzo nikidhani nimeruka ukurasa. Ni 27.

Na muda wa kuandikisha ulishapita.

Siku ya kura, kama saa 4 asubuhi, alikuja mama mmoja jirani yangu, mtu mzima sana, anatembea na fimbo. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa kwenye pindo la khanga, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isichakae. Akalifungua pindo taratibu, akaiweka mezani. Karani akatafuta, akatafuta tena. "Bibi, jina lako halimo." Yule mama hakugombana na mtu. Alisema tu, "Kadi yangu si hii hapa?" Akaniangalia mimi, nimesimama nje ya ile kamba, nikakosa neno la kumwambia. Akaifunga kadi, akaondoka. Wa namna yake niliwahesabu 11 kwa macho yangu siku ile, na hao ni waliofika. Walioambiwa njiani wakageuza siwajui idadi.

Matokeo: mwenzangu 337, mimi 318.

Nimeambiwa mengi kuhusu nilivyoshindwa. Kwamba sikuwa na hela (nilitumia kama laki nne hivi, nyingi ikaenda kwenye kukodi spika na chakula cha mawakala). Kwamba ni mwanamke. Kwamba sikuhutubia vizuri. Mimi nasema nilishindwa tarehe 20 Oktoba jioni, kabla sijashika fomu. Wale wamama 37 wangenipigia wote? Hapana, wengine wasingenipigia. Ila nilihitaji 20 tu.

Kwa hiyo kijana wa bajaji nimemwambia: ukitangazwa muda wa kujiandikisha, acha kila kitu. Usimwombe mtu kura siku hizo, mpeleke akajiandikishe. Nyumba kwa nyumba, na wewe uwe na daftari lako: jina, kajiandikisha au bado, nani wa kumbeba mgonjwa, nani anarudi shambani lini. Jioni unapitia ambao bado.

Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri ninavyojua.

---

Chalii_wa_Sokoni

Mama pole sana, hapo kwa bibi na kadi nimeumia. Swali: wakala wako hakuweza kumtetea? Si alikuwa anajulikana na kila mtu pale?

---

FundiMshono

Asante mwanangu. Alijulikana, hata karani alimjua, ni mtu wa mtaa huu huu. Shida haikuwa kumtambua. Kitambulisho kinatatua swali la "wewe ni nani". Swali lilikuwa "umo kwenye orodha?", na hilo wakala hana la kufanya. Pale alipotakiwa kutetewa ni Oktoba, na mtetezi nilikuwa mimi.

---

Mtendaji Mstaafu

Dada, umeandika jambo la maana. Nimekuwa mtendaji wa mtaa mikoa miwili tofauti, nimeona chaguzi nne. Naomba niongeze upande wa fomu, maana wagombea wapya wengi wanapotelea huko hata kabla ya kura.

Sifa zenyewe si ngumu: raia, miaka 21 na kuendelea, kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mkazi wa mtaa husika, uwe na shughuli halali inayokupa kipato, na udhaminiwe na chama. Watu wanaanguka kwenye kuandika. Jina la kwenye fomu haliendani na la kwenye orodha: huku "Mwajuma", kule "Mwajabu". Sehemu ya kazi imeachwa tupu, au mtu kaandika "nipo nipo". Jina la chama limeandikwa kwa kifupi badala ya kirefu. Muhuri wa chama haupo. Watu wameenguliwa kwa mambo haya haya, na ukishaenguliwa unaanza kukimbizana na pingamizi na rufani ndani ya siku chache, huku mwenzako anajiandaa na kampeni.

Ushauri wangu: chukua fomu siku ya kwanza, toa nakala, jaza ile nakala kwanza kwa penseli. Mpe mwalimu aisome. Ndipo ujaze yenyewe. Na usirudishe siku ya mwisho saa 9 alasiri, ofisi inaweza kuwa imefungwa au mhusika katoka, ukabaki unagonga mlango. Ukirudisha, omba uandikiwe kwamba fomu imepokelewa, tarehe na saa.

---

Nyota_ya_Kusini

Dada FundiMshono, naheshimu uliyoyaandika, ila naona unajilaumu bure. Unakwepa jambo kubwa. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi mpaka vyama kadhaa vikajitoa. Mwaka 2024 chama tawala kikatangazwa mshindi kwenye zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti nchi nzima. Mtu wa chama kingine hapo daftari la wamama litamsaidia nini? Fomu yake ikikataliwa kwa kifupi cha jina la chama, anaandikisha watu wa kumpigia nani?

---

FundiMshono

Nyota, sikwepi, na hayo uliyosema sipingi hata moja. Nimewaona wenzangu wa vyama vingine wameketi nje ya ofisi na fomu mkononi, wamekataliwa, mmoja analia kabisa, mwanamume mtu mzima. Si haki, na anayegombea kwa mara ya kwanza lazima ajue anaingia kwenye nini.

Lakini mimi nazungumzia ule mtaa nilioishi miaka 19. Pale wagombea tulikuwa wawili hadi mwisho, kura zilihesabiwa mbele ya mawakala wangu wawili na wakasaini. Siwezi kusema niliibiwa kwa sababu nilikuwepo. Niliopoteza ni wale wamama, na niliwapoteza mimi. Nikimwambia yule kijana kwamba mambo yote yako juu, sisi huku hatuna la kufanya, nitakuwa nimemdanganya kuhusu mtaa wangu. Kwako inawezekana ni tofauti kabisa, na ninakuamini.

---

Nyota_ya_Kusini

Nimekuelewa. Kwangu ilikuwa tofauti. Mimi ndiye niliyekuwa nje ya ofisi.

---

FundiMshono

Pole sana ndugu yangu. Kwa moyo wote.

---

Mkulima Kijana

Wakuu, kwani ni lazima chama? Mimi niko kijijini, watu wananikubali bila chama chochote, ukitia kadi tu nusu ya kijiji inakukimbia. Hakuna njia ya kugombea binafsi?

---

Mtendaji Mstaafu

Kwa sheria zetu hakuna mgombea binafsi, kuanzia kitongoji hadi Rais. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Sheria hazijabadilika. Kwa hiyo kijana, chama utahitaji. Chagua kile ambacho viongozi wake wa tawi unaweza kukaa nao ukala ugali, maana wao ndio watakaokudhamini kwenye fomu.

---

DadaWaKwale

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mie ni jirani yenu, Kwale, Kenya. Huku kwetu mwakilishi wadi anaweza kusimama bila chama. Katiba yataka wapigakura 500 wa wadi hiyo wamuunge mkono, na awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Msidhani ni rahisi. Hizo sahihi 500 zahitaji miguu, na mtu akishakutilia sahihi yuataka kukuona kwake kila wiki.

Lililonishangaza ni hayo madaftari mawili. Sisi daftari ni moja la IEBC, tume yetu ya uchaguzi, na siku ya kura twapewa karatasi sita kwa pamoja, kuanzia Rais hadi mwakilishi wadi. Kwa hiyo mtu akija kumpigia Rais, mwakilishi wadi apata kura hapo hapo. Lakini nasi tuna shida yetu: watu wajiandikisha mjini wafanyako kazi, siku ikifika nauli ya kurudi hakuna, au watu walikuwa wameandikishwa wadi ya jirani. Mamangu mkubwa aliposimama 2022, majina mengi aliyokuwa akiyategemea yalikuwa Mombasa. Nimesoma habari ya huyo bibi na kadi yake nikamkumbuka.

Agosti 2027 tuna uchaguzi tena. Namtumia huu uzi leo leo.

---

FundiMshono

Karibu sana dada. Mwambie shangazi, samahani, mama mkubwa, aanze na wale walioko Mombasa sasa hivi. Wanaweza kuhamisha kituo cha kupigia kura kabla mambo hayajafungwa?

---

DadaWaKwale

Waweza, wakienda wenyewe afisi ya IEBC ya eneo bunge. Ndiyo kazi yenyewe tunayoifanya saa hizi, jina kwa jina kama wewe.

---

Mzee wa Rungwe

Nimesoma yote. Niliongoza kijiji vipindi viwili huku Rungwe, sasa nimepumzika na migomba yangu. Niseme kidogo kwa wanaotaka nafasi hii, maana naona mnaongelea kuipata, hamjaongelea kuishi nayo.

Mwenyekiti hana mshahara. Ana posho pale ikipatikana, na mara nyingi haipatikani. Anao usiku. Mke na mume wakigombana saa 8 usiku wanagonga kwako. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, kwako. Mwizi akikamatwa, ukichelewa dakika kumi wamempiga moto, kwa hiyo unakimbia bila viatu. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nimeoa kijiji.

Halafu kuna ardhi. Huku kijijini ndipo wenyeviti wengi wanapoharibika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Lakini atakuja mtu na gari zuri, jioni, akiwa na bahasha. Anataka ekari 50 na anataka saini yako na muhuri, mkutano utaitwa baadaye. Nilimrudisha mmoja mara tatu. Mara ya tatu wajumbe wangu wawili ndio walionifuata kunishawishi. Halmashauri yangu ilikuwa na wajumbe 25, kati yao niliweza kuwategemea kama tisa, na katika hao tisa sita walikuwa wanawake.

Mjini kuna ile ya mtu akiuza kiwanja, mwenyekiti anadai asilimia kumi ndipo asaini kama shahidi. Dada umeanza na elfu tano ya barua. Hiyo ya viwanja ni elfu tano hiyo hiyo iliyokomaa. Mgombea mpya aamue kabla, akiwa bado na njaa zake, kwamba hataigusa. Akisubiri kuamua siku bahasha iko mezani amechelewa.

Na mkutano. Kijijini ni kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mimi niliyaandika kwenye karatasi kubwa nikabandika kwenye mti wa ofisi, hata asiyekuja mkutanoni alisoma. Kipindi cha pili sikufanya kampeni ya maana. Watu walikuwa wanaijua ile karatasi.

---

FundiMshono

Shikamoo mzee wangu. Nimeyasoma mara mbili. Hapo pa "kuamua ukiwa bado na njaa" nitamsomea kijana wangu neno kwa neno.

Naomba nikuulize: mtu aliyeshindwa ana nafasi gani mkutanoni? Mimi baada ya uchaguzi nilikwenda kumpa mkono mwenyekiti, nikaendelea na cherehani. Mkutano wa kwanza sikwenda, niliona aibu.

---

Mzee wa Rungwe

Marahaba mwanangu. Mkutano ni wa wakazi, si wa washindi. Una miaka zaidi ya 18 na unaishi pale, basi una sauti sawa na aliyekushinda. Nenda, kaa mbele. Usiende kumkomoa. Uliza swali moja tu, la hela, na uliandike kabla ili usitetemeke. "Barua za utambulisho mwezi uliopita zilikuwa ngapi, na zilizolipiwa fedha imeingia wapi?" Ukae chini. Katibu, yaani mtendaji, analazimika kuliandika kwenye muhtasari.

---

Mtendaji Mstaafu

Nathibitisha. Swali lililoulizwa kwenye mkutano halali na likaingia kwenye muhtasari, linasomwa tena mkutano unaofuata kwenye yatokanayo. Usiposimama na kuuliza halipo.

---

Chalii_wa_Sokoni

Mama, vipi huyo bibi? Mlionana tena?

---

FundiMshono

Ni jirani, tunaonana kila siku. Wiki ile ya uchaguzi alinikwepa, na mimi nikamkwepa, kila mtu na uchungu wake. Baadaye alinitumia mjukuu na khanga zake nimpindie. Nilipompelekea akaniuliza kama ni kweli alitakiwa kwenda kuandikwa upya. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilijua, na sikumpitia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwaka mwingine unipitie mapema, miguu yangu inataka kuambiwa siku mbili kabla." Akanilipa hela ya khanga, nikaikataa, akaniwekea juu ya meza.

---

FundiMshono

Wakuu, narudi na taarifa kidogo. Jana Jumapili kulikuwa na mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Nilikwenda na yule kijana wa bajaji na wamama saba wa kikundi. Swali nililiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja. Nilisimama, mkono ukatetemeka hivyo hivyo, mzee, lakini nikalisoma lote.

Mwenyekiti alisema hana takwimu hapo. Mtendaji akasema italetwa mkutano ujao. Nikaomba iandikwe. Imeandikwa, nimeiona kwa macho. Leo asubuhi mama mmoja muuza maandazi kaenda kuchukua barua, hakuombwa kitu.

Nikitoka mkutano ujao nitaandika hapa walijibu nini.